Évariste Kakule, Aliyesubiri Kuitikiwa

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Yolande Masika, makaburini, kusini mwa Johannesburg, Jumamosi tarehe 24 Agosti 2019

Wapendwa, wenye viti kaeni, na wasio na viti mnivumilie, maana sitakuwa mfupi. Wiki nzima nimeulizwa swali moja na kila anayeingia saluni kwangu Bellevue, na kila anayepiga simu kutoka Butembo, na hata padri: kwa nini Évariste hazikwi kwao Vuhimba? Kwa nini tunamlaza katika nchi ya watu, kama mtu asiye na kwao? Wajomba wamenifokea kwenye simu mpaka sikio likapata moto. Swali ni la haki na nitalijibu, lakini jibu limo katika maisha yake mwenyewe, kwa hiyo niacheni nianzie mwanzo.

Marehemu Évariste Kakule alizaliwa tarehe 9 Juni 1954 katika kijiji cha Vuhimba, kwenye milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo. Alikuwa mtoto wa kiume wa nne wa baba yetu Paluku na mama yetu Angélique, na ndiyo maana akaitwa Kakule, kama mimi binti wa kwanza nilivyoitwa Masika. Vuhimba ni huko juu kwenye baridi, ambako ukungu hukaa shambani hadi saa nne asubuhi na maharage huchukua muda wake kuiva. Kaka yangu alikuwa mtoto asiyetulia. Mama alisema hata tumboni alikuwa akitembea. Lakini kulikuwa na jambo moja tu lililoweza kumsimamisha mahali pamoja, nalo ni mlango wa mtu.

Siku moja mama alimtuma kwa shangazi kuomba moto. Shangazi alikuwa shambani na mlango uko wazi. Évariste akapiga hodi, hakuna jibu. Mvua ikaanza. Jikoni kwa shangazi moto unawaka, anauona, na yeye amesimama nje analowa. Shangazi aliporudi alimkuta anatetemeka na meno yanagongana, akamuuliza kwa nini asiingie. Akajibu kwamba hakuitikiwa. Mama alimpiga kwanza kwa ajili ya kulowa, kisha akampikia uji, na hadithi hiyo ikatembea Vuhimba nzima. Mimi nilikuwa mdogo mgongoni, lakini nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naiona kama nilikuwepo.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1961, kisha akajifunza uashi katika shule ya ufundi ya Lubero hadi 1970. Kwenye ripoti yake mwalimu aliandika kwamba ana mikono mizuri ila dawati linamchoma. Alikuwa fundi wa misingi ya mawe. Alijenga zahanati, alijenga nyumba za walimu, na mwaka 1983 akajenga yake mwenyewe, msingi wa mawe hadi magotini na kuta za matofali ya udongo, mlango ukitazama bonde.

Tarehe 15 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yangu Jeanne, ambaye yuko mbele yenu hapa na anajua nitakalosema. Évariste alipokwenda kuposa alipiga hodi uani kwa baba yake Jeanne. Mzee yule alikuwa mtu wa utani. Alimsikia, akanyamaza makusudi ili aone kijana atachoka lini. Ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, wakampita pale alipo. Ndipo mzee akamwambia mkewe, "Huyu mpe mtoto, hatakuingilia chumbani." Walijaliwa watoto wawili, Orpha mwaka 1985, na baada ya miaka mingi ya maombi, Cédric mwaka 1999.

Novemba 2002 vita vilipanda hadi kwetu. Ninyi mnaotoka upande ule hamhitaji nieleze, na msiotoka huko mshukuruni Mungu. Tuliondoka asubuhi na vitu vya kubeba kichwani. Mambo mawili yalifanyika kabla hatujaondoka, nayo nawaomba myashike. Jeanne alilichukua jiwe la kusagia la mama yetu, ambalo lilikuwa zito hata kwa wanaume, akalifudikiza hapo hapo karibu na mafiga, uso chini, ili vumbi na mvua visiuharibu hadi tutakaporudi. Na Évariste alikwenda kwa jirani yake Gustave, ambaye alikuwa ameamua kubaki, akamwambia, "Nishikie nyumba." Kwetu nyumba ya aliyekimbia hushikiwa na jirani. Anafungua mlango mara kwa mara, anawasha moto ili moshi ukaushe unyevu, na jiwe likianguka analirudisha. Kuacha nyumba ya jirani ikaanguka wakati hayupo ni aibu kwa kijiji kizima.

Tulipita Uganda, Tanzania, Msumbiji, na mwaka 2003 tukafika hapa. Tulianzia Hillbrow, ghorofa ya tisa, lifti imekufa, kisha tukahamia Bellevue katika nyumba moja iliyokatwakatwa vyumba, mimi chumba changu na wao chao. Kaka yangu alipata kazi ya ulinzi. Na kwa miaka kumi na sita sikumwona ameketi nyumbani. Jeanne alinunua sofa, nzuri, ya kahawia. Évariste alikula amesimama karibu na mlango na sahani mkononi. Begi lake lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, limefungwa, na shati safi ndani. Watoto wa nyumba ile walimwita Robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, kwa sababu muda wote amesimama na macho yanabadilika. Nilimgombeza sana. Nilimwambia, yaya, maana kwetu ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, yaya, keti, unanichosha miguu mimi. Alijibu, "Nitaketi nikikaribishwa." Nilidhani ni utani. Mnakumbuka Aprili 2015, tulipofunga saluni na maduka na kukaa ndani huku nje wanaowawinda wageni wakitutukana. Kaka yangu alisimama nyuma ya mlango na begi mkononi mpaka yakatulia.

Mwaka huohuo, mwezi wa nane, kampuni yake ya ulinzi ilimpeleka kulinda vilima vilivyo kusini mwa jiji, huko ambako barabara kuu inapita chini na nyasi zinakuwa za dhahabu wakati wa baridi. Juu ya vilima hivyo kuna mahame. Watu wa kale wa nchi hii, waliosema lugha za Kitswana na Kisotho, walijenga huko nyumba za mawe bila udongo, jiwe juu ya jiwe, kuta za duara, zizi la ng'ombe katikati na nyumba kulizunguka. Waliondoka miaka kama mia mbili iliyopita, wakati wa vita vyao. Paa zilioza, kuta zikaanguka. Siku hizi watu hupanda na magari kuiba mawe ya kupamba bustani, na kazi ya Évariste ilikuwa kuwazuia.

Jumapili moja baada ya misa alinipeleka nikaone. Upepo ulikuwa unatupiga na yeye anatangulia mbio kama mwenye mgonjwa. Tulifika kwenye duara moja kubwa, kuta zimemwagika, pengo mahali palipokuwa mlango. Mimi nikapita kwenye pengo, kama ninavyopita popote. Alipiga kelele nikaruka.

"Masika! Toka mule! Nani amekuitika?"

"Aitike nani, yaya? Humu muko mijusi tu."

"Basi ungojee mijusi iseme karibu."

Nikatoka, nimekasirika. Akavua kofia, akasimama penye pengo, akapiga hodi, akangoja kwa heshima zote, halafu akarudi nyuma. Alifanya hivyo kila alipofika kazini, na wenzake walimcheka.

Baada ya mwaka mmoja nikaona mikono yake imechanika. Nikamuuliza jikoni, huku nasonga bugali na yeye amesimama mlangoni, kama kawaida.

"Niko nainua ule ukuta," akasema. "Mawe yalianguka inje, mi nayarudisha."

"Wamekuambia uyarudishe?"

"Wenyewe hawako. Nani ataniambia? Mi nashikilia nyumba yao. Gustave anashikilia yangu. Siku nitaiacha hii, naye ataacha ile."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni nikaacha. Huyu alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na miwili, mwashi, na alikuwa ameweka maagano na watu waliokufa zamani. Kila zamu alirudisha mawe machache. Ukuta wa duara lile ukapanda hadi kifuani, umenyooka, mlango una vizingiti.

Mei 2017 wataalamu wa mambo ya kale walikuja kupima mahame yale. Aliposikia wanakuja, Évariste alivaa koti lake la kanisani juu ya sare, na akamchukua Cédric amsaidie Kiingereza. Alidhani watampongeza, na aliwaongoza mwenyewe hadi kwenye ukuta wake. Mkuu wao alikuwa binti mmoja wa hapa, anaitwa Refilwe, na leo yuko nasi, pale, mwenye kitambaa cha bluu. Refilwe aliutazama ukuta, akaona mawe yenye kuvu ya zamani upande uliogeukia ndani, ambako jua halifiki na kuvu hiyo haioti, akajua yamegeuzwa. Akauliza nani amefanya hivi. Kaka yangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Refilwe aliketi chini kwenye nyasi na kushika kichwa.

Cédric amenisimulia. Binti hakupiga kelele. Alieleza polepole kwamba namna mawe yalivyoanguka ndiyo habari yenyewe. Ukuta uliosukumwa huanguka hivi, uliochomwa hivi, uliozeeka wenyewe hivi, na mtaalamu akiyasoma mawe pale yalipolala anajua watu waliondokaje. Sasa yamepangwa upya na hakuna wa kuyasoma tena. Cédric alitafsiri huku anainamisha kichwa, "Eish, Papa, anasema umefuta." Évariste akasema ataubomoa leo leo. Refilwe akatikisa kichwa, kwamba hauwezi kuanguka mara ya pili kama ya kwanza.

Kisha akauliza, "Na ndani? Ndani umegusa nini?"

"Ndani sijaingia."

"Umejenga ukuta wote huu na hujaingia ndani?"

"Nimejengea inje. Hawajaniitika."

Cédric alilitafsiri hilo mara mbili ili aeleweke. Refilwe akasimama, akachungulia juu ya ukuta. Ni kweli. Kwa nje ukuta ulikuwa laini kama wa kanisa, na kwa ndani mawe yote yalilala pale yalipoanguka, nyasi zimeota juu yake, hata nyayo hakuna. Katika nyumba nyingine zote za kilima kile watu walikuwa wameingia kuchimba, kulala, kuchoma nyama. Hii peke yake ilikuwa haijakanyagwa, kwa sababu mlinzi wake alikuwa akingoja mlangoni.

Kampuni ilimwachisha kazi mwisho wa mwezi ule. Haki yao, aliharibu, na hakuwahi kusema hakuharibu. Alirudi nyumbani akazunguka chumba mpaka Jeanne akampa ufagio ili awe na sababu. Lakini Septemba ile, walipoanza kufunua ndani ya duara, Refilwe alimpigia Cédric simu, akasema mleteni baba. Mimi na Jeanne tulikwenda pia, nilitaka kumwona huyo binti.

Tulipofika, Refilwe alikuwa amepiga magoti ndani na brashi. Évariste akavua kofia mlangoni, akapiga hodi. Refilwe akainua kichwa, akauliza anasema nini. Cédric akamweleza kwamba kwetu huwezi kuingia bila kusema hivyo na kujibiwa. Binti akaweka brashi chini. Akasema, "Sisi pia tuna hilo. Sisi tunasema ko ko." Halafu akaeleza kwamba ukoo wa baba yake husimuliana kuwa walitoka katika vilima hivi, kabla hawajatawanyika. Cédric alipolitafsiri hilo, kaka yangu alijinyoosha, akafunga kifungo cha koti.

"Ko ko," akasema.

"Tsena, Ntate," Refilwe akajibu. Ingia, baba.

Wapendwa, Évariste aliingia. Alikanyaga taratibu, akaangalia huku na huku kama mgeni anayetafuta kiti, na Refilwe akamwonyesha jiwe moja pana karibu na ukuta. Na kaka yangu akaketi. Aliketi, akaweka kofia gotini, akanyoosha miguu. Mimi nilisimama nje nikalia, na safari hii sikuingia, nilingoja mpaka na mimi nikaitwa.

Alikaa vile mpaka alasiri, walipofika kwenye mafiga. Kando ya mafiga lilikuwapo jiwe la kusagia, limefudikizwa, uso chini. Refilwe akasema hili halikuanguka hivyo, hii ni mikono ya mtu, aliyeligeuza alitegemea kurudi. Hakuhitaji kutafsiriwa. Jeanne alikuwa ameshika mdomo. Évariste aliinuka, akatoka nje, na utulivu wake ukaisha.

Kwa maana kama hawa waliofudikiza jiwe lao hawakurudi, je sisi? Tangu siku ile aliitafuta Vuhimba kwa simu. Namba ya Gustave haikuita tena. Alimsimamisha kila Mkongo aliyeshuka kwenye basi la mbali, alikwenda kanisa hili na lile kuuliza nani katoka Lubero. Mwaka 2018 alifungua begi na kulifunga upya mara ngapi sijui. Miguu ikaanza kuvimba. Hospitali wakasema moyo umetanuka, apumzike, asisimame. Hebu mwambieni Robot asisimame! Alilala ameegemea mito kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, na hata hapo mguu mmoja ulikuwa sakafuni.

Machi mwaka huu Murielle, binti wa Gustave, alitupata. Yuko Butembo, ambako mwaka huu kwa ajili ya Ebola watu hata mikono hawapeani. Akasema baba yake aliishikilia nyumba yetu, aliwasha moto kama alivyoahidi, hadi naye alipokimbia, akafia njiani. Kijiji hakina mtu. Yeye alipanda huko na wanunuzi wa maharage, akaleta picha kwenye simu yangu. Jeanne alisema tusimwonyeshe, atakufa. Nikasema atakufa vibaya zaidi akingoja. Nikamwekea simu mkononi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Msingi wa mawe, nyasi zimepita kiunoni, mti umeota chumbani. Akaikuza kwa vidole hadi akaliona jiwe la mama, limelala uso chini.

"Gustave hakuacha," akasema. "Ni mimi niliachishwa kwanza." Kisha akacheka, akakohoa. "Masika, sikiya. Nikikufa musinipeleke kule."

"Yaya, ni kwenu."

"Ni kwetu, nani amekataa? Lakini kule hakuna wa kuitika. Mukinipeleka, nitasimama mlangoni milele. Unanijua. Hapa mtu aliniambia ingia."

Basi, wajomba mnaosikiliza kwenye simu ya Orpha, mmeuliza mwenyeji wake huku ni nani. Nimewajibu. Kaka yangu hakuikataa Vuhimba. Aliipenda mpaka ikamnyima usingizi. Lakini aliishi miaka sitini na mitano akingoja kuitikiwa, na aliitikiwa mahali pamoja.

Évariste Kakule alifariki dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2019, nyumbani Bellevue. Jeanne alikuwa amemletea uji. Alimkuta kwenye sofa ya kahawia, ambako hakuna aliyemwona akienda.

Ameacha mjane, Jeanne. Watoto wake Orpha na Cédric. Mkwe wake Alain. Wajukuu wawili ambao Kiswahili wanakisikia na kwa Kizulu wanajibu. Na mimi dada yake, ambaye sitampata tena mtu wa kumgombeza. Ameacha pia ukuta mmoja juu ya kilima kile mnachokiona nyuma yenu. Refilwe ameamua usibomolewe.

Sasa tutabeba. Kabla ya kushusha jeneza tutasimama ukingoni mwa kaburi, kwa sababu hii ni ardhi ya watu na yeye hakuingia kwa mtu bila ruhusa. Refilwe amekubali kuja upande wa pili, kwa niaba ya wenyewe. Wa kupiga hodi ni mimi. Ndiyo, mimi, niliyeingia kila mlango maishani bila kuuliza. Nimejifunza, yaya. Nitasema ko ko, na tutangoja wote, hakuna mtu kusogea.

Ukisikia amejibu, ingia. Na tafadhali, kaka yangu, safari hii keti.